MTOTO AKIKATALIWA SHULENI, WAANDIKE!

Sisi vijana wa Fizi tumechoka na neno hili kwenye milango ya shule: "Huyu hapana. Hatuna mwalimu wake."

Huyu ni nani? Ni mtoto asiyesikia. Ni mtoto asiyeona ubao. Ni mtoto asiyetembea, mama amembeba mgongoni kutoka kambi ya Lusenda, jua kali, mpaka ofisini kwa direkta. Neno linatamkwa, mama anageuka, anarudi. Hakuna karatasi, hakuna sahihi, hakuna muhuri. Kesho ukiuliza nani alimkataa mtoto, kila mtu: si mimi!

Ujanja uko hapo. Neno la mdomo utalipeleka kwa nani?

Sheria ipo. Katiba yetu, kifungu cha 43: masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Haikuandikwa "isipokuwa kiziwi". Mwaka 2015 Kongo iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kifungu chake cha 24 kinataka mtoto asaidiwe ndani ya shule ya kawaida. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria namba 22/003 ya kulinda watu wanaoishi na ulemavu.

Wengine watasema: hao ni Warundi. Na kisha? Mkataba wa 1951 juu ya wakimbizi, kifungu cha 22, unasema katika shule ya msingi mkimbizi apewe sawa na mwenyeji. Na mtoto wa Mbembe asiyesikia anafukuzwa kwa neno lile lile.

Tunajua mwalimu ana darasa limejaa, mshahara mdogo, na hakuna aliyemfundisha lugha ya ishara. Hatumpigi yeye vita. Lakini shida ya mwalimu ipande juu kwa waliomwacha bila msaada, isimwangukie mtoto.

Kwa hiyo tunadai:

1. Direkta akikataa mtoto, aandike: jina, tarehe, sababu, sahihi.

2. Sous-Proved apokee malalamiko ya wazazi, apige muhuri kwenye kopi yao, na ajibu kwa maandishi.

3. CNR na HCR wasimame na wazazi wa kambini mpaka jibu lipatikane.

4. Kamati za wazazi ziwape kiti wazazi wa watoto wenye ulemavu.

Ninyi wazazi, msiondoke mikono mitupu. Direkta akikataa kuandika, andikeni wenyewe: siku gani, nani alisema, alisema nini. Asiyejua kuandika atuite, kalamu tunazo.

Na wewe kijana mwenye simu, kazi yako ni hii. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa serikali, peke yake au na wenzake, na serikali ijibu ndani ya miezi mitatu. Tena hakuna wa kukushitaki kwa kuandika. Haki hiyo imeandikwa kwa Mkongomani. Mama Mrundi hana. Basi sisi tulio nayo tutie sahihi kwa ajili ya mtoto wake na wa kwetu pamoja.

Miezi mitatu tutaihesabu siku kwa siku. Wakinyamaza, tutafika na wazazi kwenye mlango wa ofisi, kwa amani, kopi mkononi.

Mtoto hafukuzwi kwa mdomo. Waandike!