Somo la Rufiji lifike Wasso

Mtumishi wa umma anayepewa barua ya uhamisho kwenda Wasso, wilayani Ngorongoro, huulizwa na wenzake swali moja kabla ya kupewa pongezi: utapita njia gani? Ziko mbili. Ya kwanza hupanda kutoka Karatu, ikaingia lango la Loduare na kukata katikati ya eneo la hifadhi ya Ngorongoro. Ya pili huanzia Mto wa Mbu, ikafuata Bonde la Ufa kupitia Engaruka na Ngaresero, chini ya mlima Oldoinyo Lengai, kisha ikaukwea ukuta wa bonde karibu na Ziwa Natron hadi kwa Wasonjo, na hatimaye Wasso. Kwa miaka mingi njia hii ya pili imekuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya makorongo wakati wa masika. Korongo lililokuwa kavu asubuhi laweza kuwa mto jioni, na abiria wakalala hapo hapo wakingoja maji yapungue.

Hali hiyo si ngeni katika nchi yetu. Wananchi wa mikoa ya Lindi na Mtwara waliishi nayo muda mrefu sana, na jinsi walivyoondokana nayo, au tuseme walivyoanza kuondokana nayo, ni jambo linalostahili kutazamwa na kila anayepanga maendeleo ya Ngorongoro.

Kabla ya mwaka 2003 mto Rufiji ulikuwa kama mpaka wa nchi mbili. Magari yalipanga foleni Ndundu kungojea pantoni, na mto ulipofurika hakuna aliyejua safari ingeendelea lini. Mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, usiozidi kilometa 600, uliweza kumaliza siku kadhaa. Mwalimu aliyepangiwa Kusini aliona kuwa ameadhibiwa. Wapo walioripoti na kurudi, na wapo ambao hawakuripoti kabisa. Hasara hiyo hawakuipata wao, waliipata watoto wa Kilwa na Masasi.

Na ieleweke kwamba Kusini hakukuachwa nyuma kwa sababu watu wake ni wavivu. Mkoloni Mwingereza alijenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wake wa karanga. Mradi ulipomfia mikononi reli ilikosa kazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 iling'olewa. Baadaye mikoa hiyo hiyo ikabeba mzigo wa kuwahifadhi wapigania uhuru wa Msumbiji, na Nachingwea ikawa kambi ya Frelimo. Taifa lilikuwa na deni kwa watu hao.

Deni hilo lilianza kulipwa tarehe 2 Agosti, 2003, daraja lilipofunguliwa kwenye mto Rufiji na kupewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi. Urefu wake ni mita 970. Fedha zilitoka Serikalini, pamoja na mikopo ya Mfuko wa Kuwait na Mfuko wa OPEC. Kwa ramani, daraja lote limo ndani ya mkoa wa Pwani. Kwa kazi yake, ndilo lililoziunganisha Lindi na Mtwara na nchi nzima.

Lakini hapa ndipo penye somo, na ni somo ambalo hotuba za siku ya ufunguzi hazikulitaja. Gari lililovuka daraja kwa dakika chache lilishuka ng'ambo na kukutana na kilometa 60 za udongo kati ya Ndundu na Somanga. Mvua iliponyesha, malori yalizama kwenye tope, na nyuma yake mabasi yakakwama. Zaidi ya miaka kumi ilipita tangu daraja lifunguliwe kabla kipande hicho hakijakamilika kwa lami. Tulijenga sehemu iliyokuwa ngumu na ya fahari, kisha tukachelewa kwenye ile iliyoonekana nyepesi.

Tena mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya Kusini, daraja kubwa lilisimama imara. Kilichokatika ni madaraja madogo na makalavati ya upande wa Somanga, wilayani Kilwa, ambayo hakuna aliyewahi kuyapiga picha. Mikoa miwili ikatengwa kwa siku kadhaa.

Turudi Wasso. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka kila pembe ya nchi na nje walikwenda Samunge kunywa dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Misururu ya magari ilikuwa ya kilometa nyingi, na wagonjwa wengine walifia njiani. Kwa majuma machache taifa zima lilionja barabara ambayo mama mjamzito wa Ngaresero alikuwa akiipita siku zote kuelekea hospitali ya Wasso. Baada ya hapo kazi ilifanyika: kilometa 49 kati ya Wasso na makutano ya Sale ziliwekwa lami. Ni kazi nzuri, nasi tunaipongeza. Hata hivyo lami hiyo iliwekwa huko juu, mwishoni mwa safari, wakati makorongo yenyewe yako huku chini. Ni Ndundu na Somanga kwa mara nyingine.

Wapo watakaotukumbusha hukumu ya Mahakama ya Afrika Mashariki ya Juni 2014. Hukumu hiyo ilihusu barabara ya lami ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na Serikali ilikwisha kutamka mwaka 2011 kwamba kipande cha hifadhini hakitawekwa lami. Engaruka haiko Serengeti. Tusiwafiche wananchi nyuma ya nyumbu.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana maofisini. Mkazi wa Loliondo huona Narok, nchini Kenya, ni karibu kuliko Arusha. Ng'ombe wake huuzwa huko, na bidhaa nyingi za dukani kwake hutoka huko. Hatuna ugomvi na jirani zetu. Biashara ni jambo jema. Ila mwananchi anayefika makao makuu ya mkoa wake kwa taabu kuliko anavyofika nchi ya pili ana haki ya kuuliza amewekwa wapi katika hesabu za taifa.

Bajeti ya ujenzi husomwa Bungeni kila mwaka, na wabunge huuliza kilometa za lami. Safari hii waulize pia idadi ya makorongo kati ya Mto wa Mbu na Sale, ni mangapi yana daraja au kalavati linalohimili masika, na kwa yaliyosalia waombe tarehe.