Sindano kabla ya goti la bandia

JICHO LA KIGALI
Na Zaituni Mukamana

Januari 2025 baraza la mawaziri liliongeza huduma 14 katika mituweli, bima yetu ya afya ya jamii, zikiwemo matibabu ya saratani, kusafisha damu, kupandikiza figo, kubadilisha goti na nyonga. Nilishangilia, na bado nashangilia. Bima iliyoanza kwa majaribio Byumba, Kabgayi na Kabutare mwaka 1999 leo inamlipia mkulima goti jipya.

Ila goti lenyewe liliharibiwa na nini? Mengine yameliwa na baridi yabisi, kama figo nyingine zilivyoliwa na lupasi. Ni magonjwa ya kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe na kushambulia tishu unganishi. Zipo sindano za kuyatuliza mapema, kama adalimumabu kwa viungo na belimumabu kwa lupasi. Ni ghali, na bima kokote huziwekea masharti. Masharti siyapingi. Nadai yaandikwe kwa Kinyarwanda, yabandikwe ukutani, yataje na siku ya mwisho ya kujibu.

Uingereza, kwa miaka mingi, mgonjwa wa baridi yabisi hakupewa sindano hizi mpaka methotreksati na dawa nyingine zishindwe, na alama zake za ugonjwa zipite 5.1. Kupata alama hizo, daktari hubonyeza viungo 28, akahesabu vinavyouma na vilivyovimba, kisha akaongeza kipimo cha damu. Hataza ya adalimumabu ilipokwisha Ulaya mwaka 2018, watengenezaji wengine waliingia sokoni na bei ikaporomoka. Mwaka 2021 kizingiti cha adalimumabu na wenzake kikashushwa hadi 3.2. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaiingiza katika orodha ya dawa muhimu tangu 2019. Bei ikishuka, masharti nayo hulegezwa, mradi yawe yameandikwa mahali.

Kubonyeza viungo 28 hakutaki mashine. Daktari wa hospitali ya wilaya akifundishwa, ataweza. Lakini mkidai saini ya bingwa peke yake, mama wa Nyamasheke atapita kituo cha afya, atapita wilayani, kisha atapanda basi hadi stendi ya Nyabugogo, Kigali, na vidole ambavyo asubuhi haviwezi hata kufungua chupa ya maji. Mabingwa wa viungo tunao wachache mno. Faili likingoja, mfupa unaendelea kuliwa, na mfupa ulioliwa haurudi.

RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii inayosimamia mituweli tangu 2015, inaweza kulipanga hili. Methotreksati ianze, sawa, lakini muda wake utajwe. Hesabu ya viungo isainiwe wilayani, bingwa apitie faili akiwa Kigali. Sharti moja ningelikaza kuliko yote ni kupimwa kifua kikuu kabla ya sindano ya kwanza, maana sindano kama adalimumabu zinaweza kukiamsha kilicholala mwilini. Na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, pamoja na jina la ofisi ya kupeleka malalamiko yake.