Mzizi wa China wa baridi yabisi: Unatuliza uvimbe kweli, ndiyo maana si wa kuuchezea

Mgonjwa wa baridi yabisi huijua shida yake asubuhi. Vidole havikunji, magoti yamevimba, hata kushika kikombe cha chai ni kazi. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inashambulia viungo vya mwenye mwili.

Nchini China, wagonjwa wengi wa aina hii hutibiwa kwa mmea unaotambaa uitwao lei gong teng, yaani mtambazi wa mungu wa radi. Kitaalamu ni Tripterygium wilfordii. Kinachotumika ni mzizi uliomenywa, maana ganda, majani na maua yake ni sumu.

Je, ni dawa kweli au ni maneno ya wauzaji tu?

Majaribio yanasemaje?

Mwaka 2009, watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 121 waliofuatiliwa kwa wiki 24. Waliopata nafuu ya angalau asilimia 20 walikuwa asilimia 65 kwa waliopewa mmea huo, na asilimia 33 kwa waliopewa sulfasalazini, dawa ya kawaida ya hospitali. Lakini wengi waliacha dawa njiani. Kwa upande wa mmea, asilimia 62 tu ndio walioendelea nayo hadi mwisho.

Mwaka 2014 China nayo ikatoa yake, kwa wagonjwa 207. Safari hii kipimo kilikuwa nafuu ya nusu au zaidi. Waliotumia methotreksati peke yake walifika asilimia 46, mmea peke yake asilimia 55, na waliochanganya vyote viwili asilimia 77.

Si matokeo ya kubeza. Ila katika jaribio hilo la China kila mgonjwa alijua anapewa nini, na wiki 24 ni chache kwa ugonjwa wa kuishi nao miaka.

Kinachotibu ndicho kinachodhuru

Ndani ya mzizi huo kuna kemikali iitwayo triptolidi. Inazuia seli kusoma baadhi ya maagizo ya jeni, hivyo kinga inapoa na uvimbe unashuka. Sasa, kemikali hiyo haichagui seli za kwenye goti peke yake.

Kwa wanaume hupunguza mbegu za uzazi, kiasi kwamba watafiti wa China waliwahi kuichunguza kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Kwa wanawake hedhi inaweza kukatika, na wengine hairudi. Ini na figo pia huweza kuumia. Mwaka 2012, mamlaka ya dawa ya China ilionya kuwa watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotaka kupata mtoto wasitumie dawa za mmea huo.

Kwa hiyo lile neno "ni ya asili, haina madhara" halisimami hapa. Mmea wenye nguvu ya kushusha uvimbe una nguvu ya kuumiza pia.

Na kile kichupa cha dukani?

Hapo kuna tatizo jingine: kilichomo si lazima kiwe kilichoandikwa.

Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene ilitumia unga wa mmea wa Kichina uitwao fangji, ambao kwa asili hutumika kwa viungo vilivyovimba. Kumbe ulikuwa umechanganywa na mwingine wenye jina linalofanana, guangfangji, ambao una sumu. Watu zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo.

Taiwan nako, utafiti wa mwaka 1997 ulipima sampuli 2,609 za dawa za mitishamba ya Kichina. Karibu robo zilikuwa na dawa za viwandani zilizochanganywa kimyakimya, zikiwemo za maumivu na steroidi. Mtu anameza, maumivu yanakwisha siku ya pili, anausifu mmea. Steroidi hizo zikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa.

Mfano ambao Afrika Mashariki inaujua ni dawa mseto ya malaria. Artemisinini iliyomo ilitoka kwenye mmea wa Kichina, na Tu Youyou akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Ila zahanati haimpi mgonjwa majani akachemshe. Inampa vidonge vyenye kipimo kinachojulikana.

Kwa anayeumwa viungo, basi, maswali ni matatu kabla ya kulipa: ni mmea gani hasa, kipimo chake ni kiasi gani, na je, dawa imesajiliwa? Anayeitumia tayari amwambie daktari wake, na aombe kupimwa ini na figo. Ikiwa dawa ilimtuliza ghafla mno, asiikatishe ghafla kabla ya kuonana naye, kwani kama ina steroidi, kuiacha mara moja nako kuna hatari.