Nani alisema wamama hawakuongozaga?

Ndugu mmoja wa kilasi ya tano alisema katika mabishano yetu: "Tangu mababu mwanamke hakutawalaga. Msichana awe sekretere, basi." Vijana wakapiga makofi. Namujibu hapa.

Aulize kwanza wazee wa Rutshuru jina la Nyabingi. Sisemi tumwabudu, sisi ni Wakristo, nasema historia. Wanasimulia kama alikuwa malkia, wengine wanasema mtumishi wa malkia, na kisha kufa roho yake ikarudi na nguvu. Toka Ndorwa sifa yake ilifika kaskazini ya Rwanda na huku kwetu. Waliosema kwa jina lake waliitwa bagirwa, na wamama walikuwa wengi kati yao. Hata mugirwa mwanaume alivaaga kama mwanamke, maana aliyesema ndani yake alikuwa mwanamke! Na wenye mikuki walimuletea ng'ombe na pombe.

Mkubwa wao alikuwa Muhumusa, aliyejiita mjane wa mwami Rwabugiri wa Rwanda. Wajerumani walimfunga, akatoka, akakusanya watu tena. Mwaka wa 1911 Waingereza walimpiga risasi ya mguu, wakamkamata, wakamweka Kampala mpaka kufa kwake mwaka wa 1945. Miaka 34! Mtu asiye na nguvu, wanamulinda muda wote huo juu ya nini?

Najua jibu: "Alipiganaga juu ya kiti cha mtoto wake mwanaume." Ni kweli, tena ni neno zito. Lakini watu walimfuata yeye. Na anayekataa mambo ya upagani asome Waamuzi sura ya 4: Baraka alikataa kwenda vitani pasipo Debora.

Hiyo "desturi ya mababu" ingine inatoka kwenye karatasi tu. Sheria ya Jamaa ya mwaka wa 1987 ilidai bibi apate ruhusa ya bwana yake mbele ya kwenda kushitaki, na ruhusa hiyo iliondolewa mwaka wa 2016. Si mababu walioiandika.

Hapa Vitshumbi wababa ndio wanaingia ziwani na mitumbwi, sikatai. Samaki ikifika inchi kavu, nani anaikausha, nani anabishana bei, nani anaipeleka soko? Ndugu huyo mwenyewe, minervali yake inatoka katika kitunga cha mama yake.

Uchaguzi wa mkubwa wa kilasi utakuwa mbele ya Pasaka. Msichana mmoja ameandikisha jina, na si kwa usekretere. Nangoja jibu la ndugu katika namba inayokuja.