Meza ya Kuchezea: Ipi Iingie Nyumbani?



Mwezi huu najibu barua ya mama mmoja wa Nanganga, pale njiapanda ambapo barabara ya Ruangwa huachana na ile itokayo Lindi kwenda Masasi. Barua ni ndefu, nami naifupisha. Mtoto wake wa kiume yuko kidato cha pili. Akitoka shule hafiki nyumbani. Husimama kwenye kibanda chenye meza ya pool, karibu na mabasi yanaposhusha abiria, akarudi giza limeingia. Mwezi uliopita mama aligundua kwamba fedha ya mchango wa chakula cha shuleni imeishia pale. Kijana alicheza kwa dau, akashindwa.

Baba amepata malipo yake ya korosho. Mama alitegemea atachukua fimbo, lakini yeye alisema: "Tununue meza yetu, acheze hapa hapa tukimwona." Mjomba wa kijana ameafiki, na kwetu kusini neno la mjomba si dogo. Wameonyeshwa meza za aina mbalimbali. Mama anauliza achague ipi, na kama nyumba ya Kikristo yafaa kuwa na kitu kama hicho.

Nianze na hilo la mwisho. Kucheza si dhambi. Nabii Zakaria, anapoeleza Yerusalemu iliyobarikiwa, anawaona wazee wameketi na mikongojo yao, na njia zimejaa watoto wa kiume na wa kike wanaocheza (Zak 8:4-5). Mwalimu Nyerere, ambaye Kanisa lilianza mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza mwenye heri, alikuwa mpenzi mkubwa wa bao. Ubaya uko kwenye dau. Sheria ya nchi nayo hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, hata kama mwenye kibanda anajifanya haoni.

Na tafadhali, mama, usimcheke mumeo. Baba anayetaka mwanawe awe karibu ana wazo jema. Tatizo lipo kwenye meza anayoifikiria.

Chukua kanga yako. Urefu wake ni kama sentimita 150, karibu sawa na ile fimbo ya kuchezea pool. Meza ya kawaida ya vibandani, ile ya futi 7, ina uwanja wa karibu mita 2 kwa mita 1. Mchezaji anahitaji nafasi ya kurudisha fimbo nyuma akiwa upande wowote. Kwa hiyo weka meza katikati kwa mawazo, kisha tandika kanga moja kila upande. Utaona unahitaji chumba cha karibu mita 5 kwa mita 4, bila kochi, bila kabati, bila gunia la mahindi. Wangapi kati yetu tuna sebule hiyo? Vyumba vyetu vingi ni futi 10 kwa 10. Kijana atagonga ukuta kwa kitako cha fimbo hadi plasta ibanduke.

Basi meza itatolewa nje, barazani au chini ya mwembe, na hapo ndipo ninapoogopa. Meza ya pool iliyo nje ina wageni. Leo watakuja rafiki zake wawili, kesho kumi, na keshokutwa mmoja ataweka shilingi mia tano juu ya mbao "kuchangamsha mchezo". Mtakuwa mmekihamisha kijiwe kutoka njiapanda mpaka mlangoni penu, na mabinti zenu wanapita hapo na ndoo za maji. Ikiwa ni ile ya kutumbukiza sarafu, mzee mwenyewe ataanza kuhesabu mapato ya jioni, na siku hiyo mama hutakuwa na sauti tena ya kusema ifungwe.

Kuhusu ubora nitasema kidogo. Meza nzuri ya pool ina bamba la jiwe chini ya kitambaa cha kijani. Ni nzito mno, haipindi, lakini bei yake ni ya mfanyabiashara. Ile ya bei nafuu ina ubao au plaiwudi, na masika yakiingia ubao hunywa unyevu na kuvimba, mipira ikawa inakimbilia upande mmoja kama mbuzi waliofunguliwa. Mchwa nao wa kwetu mnawajua. Vijimeza vidogo vya pool vya kuweka juu ya meza ya chakula ni vya watoto wadogo. Kijana wa kidato cha pili atavidharau siku ya kwanza.

Mimi ningechagua keram. Mchezo huu ulikuja na Wahindi, na Zanzibar unachezwa barazani kila jioni. Ni ubao wa mraba, kila upande wa uwanja sentimita 74 hivi, wenye matundu manne kwenye pembe. Kete ni 19: nyeupe 9, nyeusi 9 na nyekundu moja ambayo ni malkia. Mchezaji husukuma kete kubwa kwa kidole, hakuna fimbo. Kijana aliyezoea kulenga mpira kwenye tundu atakutana na ulengaji ule ule, wa kupiga pembeni ili kete irudi, na sitashangaa akiwashinda wote wiki ya kwanza. Mwacheni ashinde. Wanacheza wawili au wanne, ubao unakaa juu ya kigoda, na mchezo ukiisha unaegeshwa nyuma ya mlango. Binti anacheza, bibi anacheza, na wewe pia, mama, ukishaepua sufuria.

Ukinunua au ukimwagiza seremala, angalia mambo haya. Uso uwe laini na tambarare, hivyo mwombe aweke pima maji mbele yako. Piga kete kwa nguvu kutoka ukingo mmoja. Iende na kurudi mara tatu au zaidi, vinginevyo mbao za pembeni ni laini mno. Poda kidogo husaidia kete kuteleza (mfiche mtoto mchanga ya kwake).

Bao nalo lisisahauliwe, ila kwa kijana huyu lisiwe la kwanza. Kwa aliyezoea kelele za pool, bao ni kimya mno. Lakini mjomba aliyeafiki meza inunuliwe aambiwe kazi yake ndiyo hiyo: Jumapili baada ya Misa aje amfundishe kunamua na kuhesabu kete kabla hajagusa shimo. Dada zake wakae karibu wajifunze pia. Sijaona aya inayosema bao ni la wanaume tu.

Ile fedha ya mchango isamehewe nusu nusu. Lipeni shule mara moja, kisha kijana aifanyie kazi shambani, apalilie chini ya mikorosho mpaka itimie. Fedha iliyobaki ya korosho iwekwe, maana msimu mwingine uko mbali na salfa haikopeshwi kwa urahisi. Na msitegemee ubao ufanye kazi peke yake. Siku kadhaa atapita tena kibandani. Baba akiwa ameketi nyumbani ubao ukimngoja, zitapungua.

Kwa bao, mbao ya mninga inafaa na hudumu. Lina mashimo 32 na kete 64. Ukipata mtu anayetoka Lindi akuletee komwe, mwombe alete 70, kwa sababu wadogo watazipoteza.