Samaki Hapinduliwi

Juma hili tunawapeleka mbali, hata Hong Kong, kusini mwa nchi ya China, kwa watu wasemao Kikanton. Watu hao hupenda sana kula nje ya nyumba pamoja na jamaa na rafiki, na karamu yenyewe haihesabiwi kuwa karamu pasipo samaki wa bahari. Sisi tulialikwa na mzee mmoja, mvuvi wa zamani, tukale naye siku ya Jumapili huko Sai Kung, mahali penye mikahawa mingi kando ya maji.

Msidhani kwamba mtu huingia tu, akaketi na kungoja sahani. Kwanza huenda kumtazama samaki. Chini ya gati mashua zimesongamana, na wauzaji huwanyoshea watu waliosimama juu samaki wao kwa nyavu zenye mipini mirefu. Mbele ya mikahawa pana matangi ya kioo, na ndani yake chewa, kaa, kamba na kombe, wote wangali hai. Mnunuzi huonyesha kwa kidole, mwuzaji humtoa samaki na kumpima kwa kipimo cha kale cha Kichina, kilicho kama gramu 600. Mara nyingi bei haikuandikwa; imeandikwa tu kwamba ni bei ya siku. Basi mwenye busara huuliza kabla samaki hajauawa, kwani baadaye hakuna maneno tena. Kisha samaki hupelekwa jikoni, na mkahawa hudai malipo yake ya kumpika. Kule Lei Yue Mun, penye mlango wa mashariki wa bandari, desturi ni ile ile.

Hapo penye matangi ndipo ubishi ulipoanza. Mkwe wa mzee, kijana mwenye kazi nzuri mjini, aliona samaki mkubwa wa miamba, mwenye nundu juu ya paji la uso, akataka kumnunua.

“Baba, leo tuna wageni,” alisema.

Mzee akamtazama samaki, akatutazama sisi. “Huyo ametoka mbali kuliko wageni wetu,” alijibu, akapita.

Alisema kweli. Samaki wa namna hiyo huletwa kutoka visiwa vya mbali, kama vile vya Indonesia. Huweza kuishi miaka zaidi ya 30, naye hukawia kuzaa. Tena wavuvi wengine humlevya kwa sumu ya sianidi ili wamkamate hai, na sumu hiyo huua matumbawe. Tangu mwaka 2004 biashara yake kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya mapatano ya mataifa, nayo huhitaji kibali. Lakini sheria haishindi haraka tamaa ya kusifiwa. Wenyeji wengi hupima heshima ya karamu kwa uhaba wa samaki aliye mezani, na kadiri anavyoadimika ndivyo wanavyozidi kumtaka. Sisi hatukuona haya kumshukuru mzee alipochagua chewa wa kufugwa, mwenye urefu wa sahani. Mkwe alinyamaza, ila uso wake haukunyamaza.

Tuliketi watu kumi na wawili kuizunguka meza ya duara, yenye ubao wa kuzungushwa katikati ili kila sahani imfikie kila mtu. Chai ililetwa kwanza, na chai ya mwanzo haikunywewa. Kila mmoja aliosha kwayo bakuli, kikombe na vijiti vyake. Mtu akijaziwa kikombe, hugonga meza polepole kwa vidole viwili, maana yake asante. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong alitembea kwa kujificha, akamtilia mtumishi wake chai. Mtumishi asiweze kupiga magoti mbele za watu, akapigisha magoti vidole vyake. Hadithi hiyo ina uzuri wake, iwe kweli au sivyo. Watoto hawakugusa chakula mpaka walipowakaribisha wakubwa kwa zamu: Babu, kula! Bibi, kula!

Zikaja kamba zilizochemshwa tu, kombe kwa vitunguu saumu, kaa kwa tangawizi. Kisha akaja chewa. Alikuwa amepikwa kwa mvuke, mzima na kichwa chake, muda wa dakika kumi hivi. Juu yake majani ya kitunguu, mafuta ya moto na mchuzi wa soya, basi. Samaki mbichi hahitaji viungo vingi. Kichwa kilielekezwa kwetu, na bibi akatutilia bakulini nyama ya shavu, iliyo laini kupita zote.

Upande wa juu ulipokwisha, sisi kwa wema tulitaka kumgeuza samaki. Bibi alitushika mkono mara moja, meza yote ikacheka. Kwa jamaa za wavuvi, kumpindua samaki ni kupindua mashua! Huondolewa mfupa wa mgongo, na nyama ya chini huliwa pale ilipo. Hapo mzee alitaja Jumbo, ule mkahawa mkubwa mfano wa jumba la kifalme, uliokuwa ukielea huko Aberdeen tangu mwaka 1976. Ulifungwa mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa korona, na mwezi wa Juni 2022, ulipokuwa ukivutwa baharini, ukapinduka.

“Sijui nani alimgeuza samaki,” alisema mzee, naye hakucheka sana.

Machungwa yalipoletwa, mzee aliita hesabu. Mtumishi akainama na kusema kwamba imekwisha kulipwa. Kumbe mkwe alikuwa ametoka kama mtu aendaye kunawa mikono! Mzee alikunja noti zake, akazirudisha mfukoni, asiseme neno mpaka tulipofika gatini. Pale akamwambia mkwewe kwamba Jumapili ijayo watakutana saa ile ile, na kwamba yeye, mzee, atapita mkahawani asubuhi kuacha fedha kabla mtu hajaamka.

“Ndiyo, Baba,” alijibu kijana, akamshika mkono kumshusha ngazi.