Nyungwe na Kibira ni msitu mmoja, mbona ziara inakomea mpakani?

MGENI anayefika Uwinka, katika Msitu wa Nyungwe kusini magharibi mwa Rwanda, asubuhi na mapema huuona ukungu kabla ya kuiona miti. Jua likipanda, ukungu hufunuka kidogo kidogo na mabonde yenye msitu mnene hujitokeza moja baada ya jingine kuelekea kusini. Kisichoonekana ni mpaka. Huko mbele msitu ni uleule, ila jina limebadilika: unaitwa Kibira, nao uko Burundi.

Huu ni miongoni mwa misitu ya kale ya milimani barani Afrika, uliobaki hai hata wakati wa enzi ya barafu, ukame ulipomaliza misitu mingine mingi. Nyungwe ina takriban kilomita za mraba 1,000. Kibira, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1980, ina takriban 400.

Hata hivyo, bahati za pande hizi mbili hazifanani. Nyungwe ina njia ya kutembea juu ya vilele vya miti iliyofunguliwa 2010, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kibira, iliyokuwa mawindo ya wafalme wa Burundi, ina sokwe, mbega na ukungu uleule, lakini watalii wanaofika huko ni wachache mno.

Anayetaka kuuona msitu wote katika safari moja hana njia ya uhakika. Baada ya mgogoro wa 2015, mpaka wa Rwanda na Burundi ulifungwa kwa miaka kadhaa. Ulifunguliwa 2022, kisha Januari 2024 Burundi ikaufunga tena. Viza ya pamoja ya utalii iliyozinduliwa 2014 nayo ilianza na Kenya, Uganda na Rwanda pekee, Burundi ikabaki nje.

Wapo watakaosema kwamba usalama huja kwanza. Hoja hiyo haipuuzwi. Watu wenye silaha wamewahi kuua raia kandokando ya Nyungwe, na kila serikali imeituhumu nyingine kuwaunga mkono waasi wake, huku kila moja ikikanusha. Lakini msitu ambao askari wanyamapori wa pande mbili hawazungumzi ndio maficho mazuri zaidi, kwa mwenye bunduki, kwa jangili na kwa mchimba dhahabu haramu. Kunyamaziana hakujaleta usalama.

Mfano upo jirani kabisa. Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimepitia mivutano mikali, lakini wahifadhi wao wameendelea kuhesabu sokwe wa milimani kwa pamoja. Matokeo yaliyotangazwa 2019 yalionyesha kuwa sokwe hao wamevuka 1,000. Kama wataalamu wa Virunga waliweza kushirikiana huku wanasiasa wakirushiana maneno, wa Nyungwe na Kibira wanashindwa nini?

Sababu kubwa zaidi ni maji. Mto Rukarara huanzia Nyungwe na kupeleka maji yake Nyabarongo, kisha Akagera. Ruvubu huanzia upande wa Kibira. Maji hayo hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, ambako Rwanda, Burundi na Tanzania zimejenga kwa pamoja mtambo wa umeme wa megawati 80 na kugawana umeme huo sawa kwa sawa. Haingii akilini nchi kugawana umeme kule chini, halafu zishindwe kuulinda pamoja msitu unaotunza chemchemi kule juu. Msitu ukikatwa, mito hujaa tope wakati wa masika na hupungua kiangazi, na hasara hiyo haitachagua raia wa nchi gani akae gizani.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao Rwanda na Burundi zilijiunga nao 2007, unazitaka nchi wanachama katika kifungu cha 116 kuwa na sera ya pamoja ya kuhifadhi wanyamapori na kuratibu mapambano dhidi ya ujangili. Hakuna haja ya kusubiri mpaka ufunguliwe ndipo kifungu hicho kitekelezwe. Wakuu wa hifadhi hizi mbili wanaweza kukutanishwa Arusha. Waanze na sensa moja ya sokwe na mbega, kisha wapeane taarifa za ujangili na moto. Mpaka ukifunguliwa, ifuate tiketi moja kwa msitu mzima, na Burundi ikaribishwe katika viza ya pamoja.

Wakazi wa Kayanza na Cibitoke wanastahili kuuza chai, asali na malazi kwa mgeni yuleyule anayelala Gisakura. Wakiona faida ya mti uliosimama, hawatakuwa na haraka ya kuuangusha. Wasipoiona, shoka litaingia upande mmoja, na hasara itavuka mpaka bila kugongewa muhuri.